Mwalimu hataki niruke bila chupa ya maji. Kweli kiu inaharibu maamuzi ya rubani?

Mkia_Juu

Habari zenu wakuu. Kuuliza si ujinga, naomba mnivumilie uzi utakuwa mrefu kidogo.

Nasomea urubani, ndege ndogo ya injini moja, viti vinne. Nimeshaanza kuruka peke yangu, na sasa najiandaa kwa ile safari ndefu ya peke yako ambayo lazima uifanye ndipo upate leseni, ile ya kilomita 270 yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti njiani. Mwalimu wangu ni mtu wa utaratibu sana. Kabla hajanisainia anauliza mambo matatu: hali ya hewa, mafuta, na maji. Mara ya kwanza nilidhani anaulizia maji kwenye mafuta, nikamwonyesha kikombe cha kukagulia. Kumbe anataka kuona chupa ya kunywa. Isipoonekana, haturuki. Wenzangu wanamcheka, wanasema mzee kazidisha, mtu anakaa ofisini saa nne bila kugusa maji na hafi.

Sasa naomba kujuzwa.

Hili la upungufu wa maji mwilini kuvuruga akili ya rubani lina ukweli gani? Mtu akizimia naelewa. Nauliza kabla ya kufika huko, mtu ambaye bado anaongea, anacheka, na usukani kaushika vizuri.

Pili, kila ninaposoma naambiwa hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Hiyo si ya ndege kubwa zinazokwenda futi 35,000? Mimi nipo futi 4,500 na dirisha linapitisha upepo.

Tatu, na hili ndilo linanisumbua kweli: ndege yetu haina choo, na mimi ni mwanamke, siwezi kujisaidia kwenye chupa kama wenzangu wa kiume wanavyojisifu. Mmoja aliyenitangulia ameniambia dawa ni kutokunywa kitu tangu usiku wa kuamkia safari, eti hata marubani wa ndege za kivita hufanya hivyo.

La mwisho, kahawa. Inahesabika kama maji au ndiyo inayatoa?

Tairi_la_Mbele

Dawa ni chupa mbili: moja andika INGIZA, nyingine TOA. Ukipigwa na mtikisiko usizichanganye tu 😂

Utani kando, hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko jangwa. Inakunyonya maji yote mwilini, ndiyo maana watu wakitoka safari ndefu wanakuwa hoi. Glasi moja kila saa, basi, umemaliza.

Kapteni_Mstaafu

Binti, huyo mwalimu mpe salamu zangu, anajua anachofanya. Mimi nimezeekea kiti cha kulia, kile cha mwalimu, mpaka nikastaafu. Nitakujibu kwa niliyoyaona, vitabu utavisoma mwenyewe.

Nianze na Tairi_la_Mbele, maana analosema ndilo linalosemwa na kila mtu. Kwamba hewa ya ndege kubwa ni kavu, ni kweli. Inavutwa kutoka nje, ambako baridi inafika nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa ya baridi hiyo haibebi mvuke wa maana. Unyevu ndani unakuwa chini ya asilimia 20, na kwenye chumba cha marubani mara nyingi ni chini zaidi ya hapo. Macho yanawasha, midomo inapasuka, pua inakauka. Lakini pua kukauka ni jambo moja na mwili kuishiwa maji ni jingine. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba ukavu huo wa hewa haujaonekana kusababisha upungufu wa maji wa ndani ya mwili. Kwa hiyo tusiisingizie hewa. Rubani anayeshuka akiwa mkavu, mara nyingi alipanda akiwa mkavu, au kakaa saa nyingi bila kunywa, au yote mawili.

Kwenu ninyi wa ndege ndogo hiyo hewa haihusiki kabisa. Kinachowamaliza kiko chini, ardhini.

Hebu ifuatilie siku yako. Unafika uwanjani, unaizunguka ndege: unapima mafuta kwa kijiti juu ya bawa, unachuruza kidogo kwenye kikombe uone kama yana maji, unapapasa ukingo wa propela, unachutama kuangalia breki. Chini ni zege, juu ni jua, na bawa lenyewe linakurudishia joto usoni. Unaingia ndani. Vioo kila upande, kiyoyozi hakuna, ukifunga mlango hewa inasimama. Unawasha injini, unakwenda taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, unaambiwa subiri kuna ndege inatua, na baada ya hiyo ipo nyingine. Shati limeshalowa mgongoni na magurudumu bado yako chini. Mtu anayehangaika juani namna hiyo anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa, wengine hata zaidi.

Halafu unapaa, na hapo ndipo penye mtego. Kila futi 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 2. Ukifika futi 6,000 nje kumepoa kwa nyuzi 12 kuliko ulikotoka, upepo unaingia, jasho linakauka, unajisikia safi. Mwili umepoa, ila maji uliyoyaacha kule chini hayajarudi. Unaendelea na safari na deni usilolihisi.

Na usingoje kiu ikushtue. Kiu inaamka ukiwa umeshapoteza kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 70, asilimia 2 ni karibu lita moja na nusu. Tena inazimika upesi mno: mafunda matatu tu, koo limelainika, unaona umemaliza kazi wakati pengo liko pale pale.

Sasa swali lako la kwanza. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwenye kitabu chake cha marubani inasema athari ya kwanza kuonekana ni uchovu, unaofanya kazi za mwili na za kichwa ziwe ngumu. Darasani sentensi hiyo unaipita mbio. Ukiwa kiti cha kulia unaitazama ikitokea.

Nilikuwa na kamchezo kangu. Katikati ya safari namuuliza mwanafunzi: tuseme zimebaki lita 68 na injini inakula lita 34 kwa saa, tuna muda gani? Asubuhi anajibu sijamaliza kusema. Mchana wa jua kali, chupa yake ikiwa bado imejaa, mwanafunzi yule yule ananitazama, anatazama geji ya mafuta, anatazama nje, kisha ananiomba nirudie namba. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi! Na wakati huo anaongea vizuri, ndege imetulia, mwinuko haujayumba hata futi 50. Mikono ndiyo ya mwisho kuharibika. Ukimtazama utaapa huyu hana neno, naye ukimuuliza atakuambia hana neno.

Kitu kingine ni redio. Mwongoza ndege anampa mambo manne kwa mkupuo: geuka, shuka, hamia masafa haya, weka altimita (kipimo cha mwinuko) hivi. Anarudia matatu. Au anarudia yote manne sawasawa, halafu mkono unaweka kitu tofauti. Namba ya altimita ni ya mgandamizo wa hewa wa hapo ulipo: nimemwona mtu anatamka 1003 huku vidole vinaacha 1013, wala hakushtuka. Tofauti hiyo ya hektopaskali 10 ni karibu futi 270, na kwa upande huo altimita inakuonyesha uko juu kuliko ulipo. Mchana kweupe juu ya tambarare utacheka. Usiku karibu na vilima, sijui.

Lakini linaloua ni lile unaloliita maamuzi. Mtu aliyepungukiwa maji huanza kupenda njia fupi. Kichwa kinamgonga kidogo, kachoka, anataka kufika. Mbele mawingu yameshuka kuliko utabiri ulivyosema. Asubuhi angegeuza bila kuulizwa. Sasa anasema tusogee kidogo tuone. Anasogea, anaona, anasogea tena. Ukimuuliza mbona hugeuzi, anakuwa mkali, na kwa kawaida si mtu wa ukali. Mimi ukali wa aina hiyo nilikuwa nauhesabu kama taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi: naishika ndege mimi, nampa chupa, mazungumzo baadaye.

Sisemi ni maji peke yake. Joto, njaa, usingizi wa mang'amung'amu na ile oksijeni kupungua ukipanda juu, vyote hutembea pamoja na dalili zake zinafanana. Ukiwa futi 11,000 kichwa kikaanza kuuma, usikae kubishana kama ni maji au oksijeni. Shuka, na unywe huku unashuka.

La choo nitalirudia. Naona daktari kaingia, tumsikie.

Daktari_wa_Anga

Kapteni kanimalizia, naongeza upande wa hospitali tu. Kazi yangu ni kupima marubani afya kabla ya kuwapa cheti.

Maji yakipungua, ujazo wa damu unapungua, moyo unaongeza mapigo kufidia, ukiinuka ghafla unapata kizunguzungu. Kichwani vinavyoyumba mapema ni umakini wa muda mrefu, kumbukumbu ya mambo ya sasa hivi, na ule uwezo wa kujua uko wapi na umeelekea wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Dakota, Marekani, waliwafuatilia marubani wenye afya njema wakibadilisha kiasi cha vinywaji wanachokunywa, wakachapisha matokeo 2013. Waliokunywa kidogo hadi wakapungukiwa maji walifanya vibaya zaidi katika kurusha ndege na katika majaribio ya kutambua nafasi na mwelekeo. Hao wanaosema mtu hakai saa nne ofisini akafa wako sahihi, ila ofisini ukikosea hesabu unafuta unaandika upya.

Kuhusu kahawa, vitabu vingi vya marubani bado vinaiweka kwenye orodha ya vitu vinavyokausha. Kafeini huongeza mkojo, ni kweli, hasa kwa asiyeizoea. Kwa anayeinywa kila siku, vikombe viwili vitatu vinaingia kwenye hesabu karibu sawa na maji. Ninachokiona kibaya ni kahawa kuwa kinywaji pekee tangu alfajiri, ikitumika kuuficha uchovu ambao dawa yake ilikuwa maji. Pombe usiiweke kundi moja na kahawa. Ile inakausha hasa, na mtu anayeheshimu kanuni ya saa 8 kati ya pombe na usukani anaweza kuwa hajavunja kanuni lakini mwili bado haujarudisha maji.

Sasa huyo aliyekuambia uige marubani wa kivita. Wapo wanaojinyima maji makusudi, simkatalii. Ila hao ndio wanaoumia zaidi. Ndege ikikata kona kali, uzito unawasukuma chini, damu inakimbilia miguuni, na mwenye damu iliyopungua ujazo anaanza kuona giza mapema kuliko mwenzake aliyekunywa. Sisi madaktari tunapigana na tabia hiyo kila siku.

Na kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa: vijiwe vya figo. Ukijinyima maji mwaka hadi mwaka, mkojo unakuwa mzito, chumvi zinaganda. Siku kijiwe kikiingia kwenye mrija, maumivu yake yanamlaza mtu mzima sakafuni akijikunja. Mfikirie mtu huyo akiwa peke yake kwenye usukani. Ndiyo maana kijiwe kikionekana kwenye picha, hata kama hakijawahi kuuma, cheti chako kinaweza kusimama hadi ithibitike kimetoka au hakina hatari. Anayejinyima maji ili aruke kwa raha anaweza kujikuta haruki kabisa.

Msikimbilie upande wa pili pia. Ukijimwagia lita tatu za maji matupu kwa mara moja, sodiamu kwenye damu inashuka, na dalili zake ni kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, yaani kile kile ulichokuwa unakikimbia. Ukitoka jasho jingi, maji yaende na chakula chenye chumvi, au tumia ORS. Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri, njano hafifu ndiyo tunayoitaka, ingawa vidonge vya vitamini B vinaipaka njano kali hata kama umekunywa vya kutosha. Ukiwa umeharisha jana, leo kaa nyumbani hata kama unajisikia nafuu. Na kabla ya kumeza dawa yoyote ya mafua au ya presha, muulize daktari wako wa urubani. Baadhi ya za mafua zinakausha mdomo na kuleta usingizi, na baadhi ya za presha kazi yake ni kukukojoza.

Rubani_Msaidizi

Huku kwenye ndege kubwa choo tunacho, hatua chache nyuma ya mlango, na bado watu hawanywi. Sababu ni huo mlango. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 mlango wa chumba chetu umeimarishwa na unafungwa safari nzima. Mmoja akitaka kutoka, piga simu kwa wahudumu, wazuie njia kwa toroli, na kwenye mashirika mengine mhudumu aingie akae na rubani aliyebaki, utaratibu ulioenea baada ya ajali ya Germanwings ya Machi 2015, ambapo rubani msaidizi alimfungia nje kapteni akaiangusha ndege makusudi. Ukiufikiria mzunguko wote huo unasema bora nivumilie. Na ukishajua utavumilia, hunywi.

Walio hoi kabisa ni wa safari fupi fupi. Kila mara unasema nitakunywa tukitua. Mkitua kuna makaratasi, mafuta, abiria wapya, mnasukumwa nyuma tena. Jioni unaokota begi lako, chupa ya asubuhi bado ina muhuri.

Mwenye kunywa naye anywe kwenye chombo chenye kifuniko. Februari 2019 ndege ya A330 iliyokuwa inatoka Frankfurt kwenda Cancún ilibidi itue Shannon, Ayalandi, baada ya kahawa ya rubani kumwagikia paneli ya mawasiliano, ikapata moto hadi ikaanza kutoa moshi. Kikombe hakikuwa na kifuniko. Mwaka uliofuata mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ikatoa agizo kuhusu ndege za A350, eneo la katikati ya marubani vimiminika visikaribie. Kwa hiyo ukisikia sisi tuna masharti ya kikombe, usicheke.

Tairi_la_Mbele

Daktari, Kapteni, nimekubali. La hewa kavu nilimeza mzimamzima kutoka mtandaoni.

Mkia_Juu

Shikamoo Kapteni. Daktari na kaka Rubani_Msaidizi, asanteni sana, hili la figo sikuwahi kulisikia.

Mawili yamebaki. Choo, ulisema utarudi. Na lingine: umesema mwenyewe kwamba mtu akishapungukiwa anajiona yuko sawa. Mimi nitakuwa peke yangu, hakuna mtu kiti cha kulia wa kuniuliza lita 68. Nitajuaje?

Kapteni_Mstaafu

Marahaba. Hilo la pili ni swali zuri kuliko yote uliyouliza.

Hutajua. Kwa hiyo usiuachie mwili ukuamulie, iachie saa. Kila nusu saa unakagua mafuta na kuandika, sivyo? Ukimaliza kuandika, mafunda mawili matatu, uwe na kiu usiwe nayo. Andika na maji kwenye karatasi ile ile ya safari, safu ya pembeni. Na hesabu ya mafuta ifanye kwa kichwa kwanza ndipo uthibitishe kwa kikokotoo. Ukiona unairudia hesabu, au umemwomba mwongoza ndege arudie maelekezo mara mbili mfululizo wakati redio inasikika vizuri, usijitafutie visingizio. Tua uwanja ulio karibu, zima, nyosha miguu, kunywa, mpigie mwalimu simu. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekugombeza kwa hilo, na akikugombeza mbadilishe.

Choo sasa. Twende kwa hesabu, maana naona hofu imekuwa kubwa kuliko safari yenyewe. Kilomita 270, ndege yako inakwenda kama fundo 100, yaani kilomita 185 kwa saa. Safari nzima ni kama saa moja na nusu hewani, nayo imekatwa vipande vitatu kwa sababu unatua mara mbili njiani. Kipande kimoja ni kama nusu saa, ukipigwa na upepo wa mbele na mzunguko wa kutua tuseme dakika 45. Unakaa muda mrefu kuliko huo kwenye mtihani. Huhitaji kujinyima chochote.

Siku moja kabla kunywa kama kawaida yako, usijaze tangi kwa pupa. Asubuhi, nusu lita taratibu ndani ya saa mbili kabla ya kupaa. Kagua ndege ukiwa na kofia, na kunywa ukimaliza kuikagua, maana hapo ndipo unapopoteza. Kisha nenda msalani, hata kama husikii haja, na iwe kitu cha mwisho kabla ya kufunga mkanda. Usiende halafu ukakaa saa nzima unasubiri mafuta. Ukitua kila kiwanja zima injini, shuka, nenda tena, kunywa tena. Wanafunzi wengi wanagusa njia, wanasainiwa, wanakimbilia kupaa kama wanafukuzwa. Hakuna anayekufukuza.

Baadaye ukianza safari za saa tatu nne ndipo ufikirie vifaa. Kuna mifuko yenye unga unaogandisha mkojo papo hapo, na kuna vikombe vilivyochongwa kwa umbo la wanawake. Vijaribu nyumbani ukiwa umekaa kwenye kiti, siyo angani mara ya kwanza. Na usivitumie ukiwa peke yako mpaka ndege iwe imetulia sawasawa na hakuna mtikisiko. Kuna ndege ya kivita ya Marekani, F-16, ilianguka kwa sababu hiyo: rubani kafungua mkanda ajisaidie, kishikizo cha mkanda kikakwama kati ya kiti na usukani.

Chupa usiiweke sakafuni. Ikiviringika ikaingia chini ya pedali wakati unatua, utajuta.

Mkia_Juu

Kiti cha kulia kitakuwa kitupu, nitailaza pale niifunge na mkanda wa abiria.

Kapteni_Mstaafu

Sawa, ila isukume hadi mgongo wa kiti na uikaze hapo. Usukani wa upande ule umeungwa na wako. Ukivuta wa kwako wakati wa kutua, na ule unarudi nyuma. Kabla ya kuwasha injini vuta usukani hadi mwisho, zungusha kulia na kushoto, uhakikishe haugusi chupa wala begi lako.